Baba Mkubwa Bura na Chupa Sita za Mvinyo

Kijiji cha Maretadu,
S.L.P. Mbulu,
Mkoa wa Arusha.
12 Septemba, 1976

Mpendwa mdogo wangu Cornel,

Marahaba kwa shikamoo zako zote mbili, ile uliyoiandika mwanzoni mwa barua na ile uliyoirudia mwishoni kana kwamba umesahau ya kwanza. Hujambo huko Dodoma? Kile kikohozi chako cha asubuhi kimepona, au bado unalala na dirisha wazi? Sisi huku ni wazima. Mimi ni mzima, shemeji yako Margwe naye mzima, ila kidole chake kimefungwa kitambaa, na sababu yake utaisoma hapa chini. Baba na Mama ni wazima kuliko nilivyowaona kwa muda mrefu.

Mahindi tumeshavuna. Si mengi kama ya mwaka jana, lakini maharage ya shamba la kijiji yamezaa vizuri, na siku za zamu tunarudi nyumbani migongo ikiuma na mioyo ikiwa myepesi. Yule ng'ombe mwenye baka jeupe usoni amezaa ndama jike. Mwanangu Letisia yuko darasa la tatu na tayari anasahihisha maandishi yangu, kwa hiyo ukiona neno limekatwa, ujue ni yeye.

Sasa nije kwenye mzigo wako. Dereva wa lori la mashamba ya ngano aliufikisha Basotu salama, na Margwe akaufuata na punda. Chupa zote sita zilifika nzima ndani ya majani yako makavu, nne nyekundu na mbili nyeupe. Barua yako tuliisoma mara tatu. Ulisema umeshindwa kupata ruhusa ya kuja kwenye jubilei ya Baba na Mama, miaka thelathini ya ndoa, na kwamba mvinyo huu umepita katika mikono yako mwenyewe, tangu zabibu zikishushwa kwenye matoroli hadi chupa kubandikwa karatasi. Mama aliibusu chupa moja. Ulieleza kwamba nyeupe ipozwe na nyekundu iachwe ilivyo. Ulieleza na namna ya kuilaza chupa ubavu. Ulichosahau, mwanamume wewe unayefanya kazi katika kiwanda cha mvinyo, ni kutuambia chupa inafunguliwa na nini.

Siku ya Jumanne Baba alipokwenda mnadani, mimi na Margwe tukaamua kujifunza kwa chupa moja kabla ya siku yenyewe. Margwe alikitazama kile kizibo akasema ni mti tu, na mti haumshindi. Akachukua msumari na nyundo. Msumari uliingia vizuri lakini haukutoka nacho. Akauvuta kwa koleo, ukateleza, akajichoma kidole. Mwishowe akakisukuma kizibo ndani kwa mpini wa mwiko, na mvinyo ukaruka mpaka kwenye kanga yangu. Tukauchuja kwa kichujio cha chai.

Mama alisimama mlangoni mwa jiko akitazama, mikono ameifunga kifuani. Kwake yeye hiyo ilikuwa divai ya altareni, na alikuwa na wasiwasi kwamba tunafanya dhambi. Jumapili iliyotangulia alikuwa amemsubiri padre baada ya misa ili amuulize. Padre alimkumbusha kwamba Bwana Yesu mwenyewe alikwenda arusini, kisha akauliza kama na yeye amealikwa. Basi Mama aliingia jikoni, lakini kwa hatua za mtu anayeingia katika nyumba ya watu.

Nikamimina kama tunavyomimina pombe ya mtama, vikombe vya bati vimejaa hadi ukingoni. Tukanywa kama tunavyokunywa pombe ya mtama, kwa kiu, tumbo tupu, saa nane mchana. Margwe alikunja uso akasema labda umeharibika njiani. Mimi ulinikausha ulimi. Mama naye alikunywa. Alimaliza kikombe chake chote kwa adabu, maana ni kazi ya mwanawe, na akaomba kingine kwa sababu hiyo hiyo.

Cornel, sijawahi kumwona Mama vile. Aliketi juu ya gunia la maharage akaanza kucheka peke yake. Akatusimulia siku ya ndoa yake, jinsi viatu alivyoazimwa vilivyokuwa vikubwa na jinsi Baba alivyotetemeka mpaka pete ikamponyoka, ikabingirika chini ya benchi.

"Aliyeiokota ni Bura," akasema. "Alikuwa msimamizi wetu. Alipiga magoti na suti yake nyeupe."

Kisha akaacha kucheka. Akaitazama ile chupa iliyotobolewa kwa msumari, akasema polepole, "Na hizi chupa, ninyi mnahangaika bure. Bura alikuwa akizifungua kila siku."

Tulidhani ni mvinyo unaosema. Lakini alikuwa na akili zake timamu. Mimi na wewe tulikua tukijua tu kwamba Baba Mkubwa Bura alifanya kazi Oldeani wakati wa Waingereza. Mimi nilifikiri alichuma kahawa. Kumbe kwa miaka minane alikuwa mtumishi wa mezani katika nyumba ya Mzungu mmoja mwenye shamba. Alipanga meza, alifungua mvinyo, alimimina. Aliporudi nyumbani hakutaka kuizungumzia kazi hiyo, na Baba hakumlazimisha.

"Nenda ukamuulize," Mama akaniambia. "Baba yako usimwambie kwanza."

Wewe uliondoka mwaka wa sabini na tatu, kwa hiyo habari ya Baba na Baba Mkubwa umeisikia vipande vipande. Nikueleze yote, usije ukaongeza ya kwako. Mwaka uliofuata watu wa kule juu walitakiwa kuhamia kijijini. Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi, naye ndiye aliyeandika orodha. Aliweka jina la kaka yake juu kabisa, watu wasije wakasema anampendelea ndugu yake. Hilo Baba Mkubwa angeweza kulikubali. Lakini Baba hakwenda kumwambia. Aliona haya. Akampa mgambo karatasi aipeleke. Baba Mkubwa akasomewa jina lake na mtu asiyemjua, akiwa amesimama katika boma walilozaliwa yeye na Baba, na kaburi la Bibi likiwa hatua ishirini tu. Alihama bila neno. Alijenga mwisho kabisa wa kijiji, upande unaotazama Yaeda Chini, na tangu siku hiyo hakukanyaga kwetu. Miaka miwili, Cornel. Wakikutana njiani, mmoja anaingia shambani kana kwamba ameona magugu.

Basi Jumatano asubuhi nilifunga chupa moja nyekundu ndani ya kanga nikaenda. Nilimkuta uani akichonga mpini wa jembe. Nikamwamkia, akaitikia vizuri, akaniuliza habari za watoto na za Margwe. Za Baba hakuuliza. Nikaifungua kanga.

Aliuweka mpini chini. Aliifuta mikono yake kwenye suruali, pande zote mbili, ndipo akaipokea chupa. Hakuishika shingoni kama sisi. Aliilaza juu ya kiganja, akainua ile karatasi iliyobandikwa ielekee juani.

"Ya wapi hii?"

"Dodoma, Baba Mkubwa. Ametengeneza Cornel na wenzake. Ametuma kwa ajili ya jubilei."

"Nisomee."

Nikamsomea.

"Yule bwana wangu alikuwa akisema zabibu haziwezi kuota katika nchi hii," akasema. "Zake zilikuja kwa meli. Na Cornel ndiye niliyemfundisha kuchunga."

Nikamweleza habari ya msumari. Hapo ndipo alipocheka, kicheko kile chake cha puani. Akaingia ndani, akatoka na kitambaa kilichokunjwa, na ndani yake kizibuo: kipini cha mti na chuma kilichojisokota kama mkia wa nguruwe. Alipewa siku alipoacha kazi. Alinionyesha jinsi ya kukizungusha katikati ya kizibo bila kukitoboa hadi chini, na jinsi ya kuvuta taratibu, bila pupa. Lakini chupa hakuifungua. Akairudisha kwenye kanga yangu, akaifunga fundo.

"Nani amekutuma?"

"Mama."

"Na baba yako?"

"Baba hajui kama nimekuja."

Nilidhani atanipa kile kizibuo niondoke nacho. Akakirudisha mfukoni.

"Kamwambie baba yako yupo mtu wa kumfungulia chupa zake. Akinihitaji, aje kuniita mwenyewe. Kwa mdomo wake."

Nilirudi nyumbani miguu mizito. Jioni baada ya chakula nikamweleza Baba yote, na sikuficha kwamba niliagizwa na Mama wala kwamba chupa moja ilikuwa imekwisha. Alisikiliza akiwa ameinama. Mama alikuwa akichambua maharage na hakuinua macho, lakini mikono yake ilikuwa haifanyi kazi, ilikuwa inagusa tu.

"Alisema mwenyewe?" Baba akauliza.

"Ndiyo, Baba. Mwenyewe."

Akainuka akatoka nje. Nikaenda kulala nikijua tutasherehekea jubilei kwa soda.

Asubuhi sikumkuta. Mama alisema ameondoka kabla ya kukamua, amevaa koti lake la kanisani. Nilikuwa kisimani nilipowaona wakija katika barabara ile iliyonyooka katikati ya nyumba. Baba mbele kidogo, Baba Mkubwa nyuma kidogo na kibunda kwapani, wala hawakuwa wakizungumza. Watu walitoka milangoni kuwatazama kama wanaotazama mvua ya kwanza. Walichoambiana huko sikijui. Baba Mkubwa alipofika kwetu alimwambia Mama maneno haya tu: "Amekuja. Amesema alikosa. Nipe maji ya kunywa."

Tangu Alhamisi ile mpaka Jumamosi nyumba ilikuwa chini ya amri yake. Alikataza vikombe vya bati, akasema vinaupa mvinyo ladha ya msumari. Tulikusanya glasi kumi na moja: nne za mwalimu mkuu, tatu zetu, na nyingine kwa majirani, hakuna mbili zinazofanana. Aliziosha mwenyewe kwa maji ya moto bila sabuni, akazipangusa mpaka zikang'aa. Chupa nyeupe alizizungushia gunia lililoloweshwa, akazitundika kivulini penye upepo, na upepo wa Septemba unaujua. Tulipozishusha Jumamosi zilikuwa baridi kama zimetoka mtoni. Zile nyekundu alizifungua mapema kidogo, akaziacha wazi mezani. Mama aliogopa zitaingia nzi. Baba Mkubwa akamwambia aziache zivute pumzi, zimekaa zimefungwa muda mrefu.

Jumamosi tarehe nne padre alisoma misa ya shukrani, na Baba na Mama wakashikana mikono tena mbele ya watu. Safari hii pete haikuponyoka. Nyumbani tulichinja mbuzi wawili, tukapika wali na makande. Kwa umati wa uani ilikuwapo pombe ya mtama na soda, maana chupa tano zisingetosha kijiji. Mvinyo ulikuwa wa meza ya ndani: wazazi, padre, mwalimu mkuu, Mama Mdogo Filomena, mzee Sulle jirani, na sisi watoto.

Baba Mkubwa alitoka chumbani amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, kitambaa cheupe kimelala juu ya mkono wa kushoto. Alisimama kwa namna ambayo sijawahi kumwona amesimama, wima, hana haraka. Akaenda moja kwa moja kwa Baba, akammiminia kidogo sana, kama vidole viwili.

Baba akaisukuma glasi. "Mkubwa wangu ndiye huonja kwanza. Hiyo ndiyo desturi yetu."

"Mezani mwenye nyumba ndiye huonja kwanza," akajibu Baba Mkubwa. "Kama umeharibika, aumwe tumbo yeye, si wageni."

Watu wakacheka, na Baba akaonja. Akaitikia kwa kichwa kwamba ni mzuri, ingawa nilimwona machozi yakimlenga kwa ule ukali. Ndipo Baba Mkubwa akazunguka meza. Alianza na mvinyo mweupe, akimpa kila mtu theluthi ya glasi na kuzungusha mkono kidogo mwishoni ili tone lisidondoke. Mzee Sulle alilalamika kwamba amepewa cha mtoto.

"Huu hauzimi kiu, mzee," Baba Mkubwa akamwambia. "Kiu izime kwa maji. Huu unuse kwanza. Haya, sasa kidogo tu, ukae mdomoni. Sasa kula."

Mama Mdogo Filomena alikunja uso akasema ni kama tunda lililochumwa kabla ya siku zake. Baba Mkubwa hakubishana. Alimsogezea sahani ya mbuzi wa kuchoma, akamwekea mvinyo mwekundu katika glasi nyingine, akamwambia atafune nyama kwanza, mafuta yakiwa bado mdomoni ndipo anywe. Mama Mdogo akafanya hivyo. Akatulia. Akatafuna tena, akanywa tena.

"Umebadilika," akasema.

Na kweli, Cornel, ule ukali niliouchukia Jumanne ulikuwa umekwenda. Ukichanganyika na mafuta ya mbuzi unalainika, na nyuma yake inabaki harufu kama ya matunda ya porini tuliyokuwa tukichuma tukichunga. Margwe alikiri hadharani kwamba haukuwa umeharibika, ulikuwa umenyanyaswa. Mwalimu mkuu akatoa hotuba ndefu kuhusu kujitegemea na zabibu za Dodoma, na kwa mara ya kwanza tulimsikiliza hadi mwisho, maana glasi zilikuwa na kitu.

Katikati ya raha hiyo nikaona jambo. Kila glasi ilikuwa imeshikwa na mtu, na Baba Mkubwa alikuwa bado amesimama nyuma ya viti na chupa mkononi, akitazama glasi ya nani imepungua. Kiti chake karibu na Baba kilikuwa kitupu. Nadhani Baba aliliona wakati ule ule. Aliinuka, akazunguka meza, akasimama mbele ya kaka yake.

"Kule Oldeani ulikuwa unakaa wapi, wakila?"

"Nilikuwa sikai," Baba Mkubwa akasema. "Nilikuwa nasimama hivi."

"Na kuonja?"

"Miaka minane nilikuwa naunusa tu."

Baba akaichukua chupa mkononi mwake. Akakivuta kile kitambaa taratibu kutoka kwenye mkono wa kaka yake, akajitundikia mwenyewe, vibaya, kikiwa kinaning'inia kama kitambaa cha jikoni. Akamshika kiwiko akamkalisha. Kisha Qamara, baba yetu, aliyekuwa balozi, mtu ambaye hata chai hujawahi kumwona akimimina, alimimina mvinyo. Alimwaga mezani, na glasi aliijaza hadi ukingoni, kinyume cha yote tuliyofundishwa.

Baba Mkubwa hakumsahihisha. Aliinusa kwanza, akafumba macho. Akanywa kidogo, akakaa nao mdomoni. Mama alikuwa analia na kucheka. Padre alitazama sahani yake.

"Eh," Baba Mkubwa akasema hatimaye. "Kumbe ndivyo ulivyo."

Aliimaliza ile glasi taratibu, ikamchukua mchana mzima, na hakusimama tena mpaka wageni walipoondoka.

Wiki hii imekuwa ya ajabu nyumbani. Alhamisi wawili hao walipanda kule juu na majembe, wakapalilia kaburi la Bibi na kulizungushia mawe. Na leo baada ya misa wamekuja na mradi mpya. Wanataka uwatumie vipande vya mizabibu wapande. Mimi nimewaambia huku kwetu kuna baridi kuliko Dodoma, tumwulize Cornel kwanza kama inaota. Hawakungoja jibu, shimo tayari wanachimba. Baba anasema urefu wa goti unatosha, Baba Mkubwa anasema mpaka kiunoni. Ninapoandika wanabishana kwa sauti, kila mmoja na jembe lake, na Mama ameacha kuchambua maharage, ameketi kizingitini anawasikiliza. Nilimuuliza kama niende nikawaamue. Akaniambia niwaache, waendelee.

Wanakusalimu Baba na Mama, Baba Mkubwa Bura, Mama Mdogo Filomena anayesema chupa moja ijayo iwe na jina lake, Margwe na kidole chake, na Letisia ambaye amekwisha kusahihisha ukurasa wa kwanza. Wasalimie wenzako wote mnaofanya kazi pamoja, uwaambie mikono yao imefika mbali kuliko wanavyojua.

Mungu akulinde katika kazi yako, akupe afya na mke mwenye subira, na akulete nyumbani kabla ndama huyu hajawa ng'ombe.

Ni mimi dada yako nikupendaye sana,

Hilaria Qamara